Usaili wa kwanza chuoni ni Jumamosi, na mafua yamenibana

Barua

Shikamooni washauri.

Niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, nasoma uhasibu. Kikundi cha maigizo cha chuo kimetangaza usaili Jumamosi hii saa 4 asubuhi, kwenye ukumbi wa mihadhara. Sijawahi kufanya usaili. Sekondari nilipanda jukwaani kwenye ngonjera na maigizo ya mahafali, lakini mwalimu alikuwa anatuchagua tu. Tangazo linasema kila mtu aje na kipande alichokariri kisichozidi dakika 2, kisha tutasoma mswada tutakaopewa palepale, halafu kutakuwa na uigizaji wa papo kwa papo kwa makundi.

Nimechagua hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Caesar, mtawala wa Roma, kutoka tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Nilikuwa naitoa kwa nguvu, sauti ya kutikisa ukumbi, na wenzangu wa chumbani walinisifu. Sasa tangu Jumapili nina mafua, pua imeziba, koo linawasha, mwili unauma, na jana usiku nilihisi joto. Leo Jumanne sauti inakwaruza na sauti ya juu haitoki kabisa. Rafiki amenipa azuma, ile antibiotiki, alizobakiza, na piriton. Mwingine anasema nimeze yai bichi. Nimeamua kukariri kwa kunong'ona ili nisichoshe koo.

Niende au niombe siku nyingine? Hawataniona mtu wa visingizio? Nitumie dawa gani? Nibadilishe kipande? Na nikiamka Jumamosi sauti haipo kabisa, nifanye nini?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Jibu

Marahaba mdogo wetu, na pole sana kwa kuumwa.

Kabla hujakariri mstari mwingine, nenda leo zahanati ya chuo ukapime. Umetaja joto la usiku na mwili kuuma, na kwa mtu anayeishi Dar es Salaam hayo hayatoshi kusema ni mafua tu. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Ukikutwa nayo, utapewa dawa mseto, dozi 6 kwa siku 3, ya pili ikifuata saa 8 baada ya ile ya kwanza. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au karanga, kwa sababu tumboni patupu mwili hauinyonyi vizuri. Imalize hata ukijisikia mzima kesho kutwa. Mwambie pia mhudumu kama una maumivu nyuma ya macho au vipele, kwa sababu jiji hili limewahi kupata milipuko ya homa ya dengi, mwaka 2014 na tena 2019. Mpaka ujue una nini, usitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Kwa mgonjwa wa dengi dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Tena waigizaji na waimbaji wenye sauti iliyovimba huziogopa kwa sababu inayofanana na hiyo: mshipa mdogo juu ya uzi wa sauti unaweza kupasuka.

Kinachobaki ni panadol, yaani parasetamoli. Kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Soma na pakiti ya dawa yoyote ya mafua uliyonunua dukani, maana nyingi tayari zina parasetamoli ndani yake, na watu hujizidishia dozi bila kujua.

Azuma za rafiki yako mrudishie. Mafua ya kawaida yanatokana na virusi, na antibiotiki haigusi virusi. Isitoshe, dozi iliyobaki ya mtu mwingine si dozi. Piriton tunaielewa, inakausha pua inayochuruzika, lakini haichagui: inakausha na mdomo, na koo, na ule ute mwembamba unaolainisha nyuzi za sauti. Pia inaleta usingizi na kufanya kumbukumbu kuwa nzito, na wewe unakariri. Kama lazima, imeze usiku wa leo au kesho, si Ijumaa usiku wala Jumamosi asubuhi. Pipi kali za menthol nazo ziache siku ya usaili. Zinafanya koo lisihisi maumivu, na koo lisilohisi maumivu hutumiwa kupita kiasi.

Yai bichi halifiki kwenye nyuzi za sauti. Unachomeza kinapita njia ya chakula, na nyuzi ziko kwenye njia ya hewa. Kingeingia huko ungepaliwa. Kwa hiyo yai halilainishi chochote, na likiwa na vijidudu utaongeza kuhara juu ya mafua. Hata maji hayazigusi moja kwa moja: yanaingia mwilini kwanza, kisha baada ya saa kadhaa ndipo ute unakuwa mwepesi. Ndiyo maana kunywa chupa nzima mlangoni mwa ukumbi hakusaidii sauti, kunakupeleka chooni tu. Anza leo, kidogo kidogo kutwa nzima, kwa joto la Dar karibu lita 2 au zaidi, mpaka mkojo uwe mweupe. Tangawizi yenye asali, iwe vuguvugu, ni nzuri kwa kutuliza koo na kikohozi. Ndimu weka kidogo, kwani ikizidi inaamsha kiungulia, na asidi inayopanda usiku huchoma eneo lilelile unalolitibu. Kwa sababu hiyohiyo chipsi mayai za saa 4 usiku ziache wiki hii. Kula mapema, muda wa saa 3 kabla ya kulala. Kusukutua koo, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, mara 3 au 4 kwa siku, kunapunguza muwasho.

Angalia na chumba unacholala. Pua ikiziba unapumua kwa mdomo usiku kucha, na feni ikikupuliza usoni unaamka koo limekauka kama gunzi. Igeuzie ukutani. Koili ya mbu iondoke chumbani, tumia neti.

Sasa sauti yenyewe. Nyuzi zako zimevimba. Uzi uliovimba ni mzito, hautetemi haraka, na ndiyo sababu sauti ya juu imekimbia kwanza. Usikariri kwa kunong'ona. Mnong'ono wa kulazimisha unabana koo na kupitisha hewa kavu kwa kasi kwenye nyuzi ambazo hazijafunga vizuri. Kwa watu wengi unachosha kuliko kuongea kwa sauti ndogo ya kawaida. Kukohoa ili kusafisha koo nako ni kuzigonga nyuzi. Ukihisi makohozi, meza mate, au piga funda la maji. Usiongee kwenye daladala: injini ikinguruma mtu hupandisha sauti bila kujijua, na safari ya nusu saa ya mazungumzo inakula sauti yote ya siku.

Zoezi moja tu tunalotaka ufanye kila siku ni la mrija. Chukua chupa ya maji iliyojaa nusu, zamisha mrija sentimita 2 hadi 3, kisha toa sauti ya "uuu" kupitia mrija ili maji yatoe mapovu. Anza na sauti ya chini iliyo rahisi, panda taratibu kidogo, shuka. Dakika 3, mara 4 au 5 kwa siku. Maji yanarudisha mgandamizo mdogo juu ya nyuzi, zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Mapovu yakikatika ujue pumzi imekatika au koo limebana; legeza mabega, anza upya. Mrija wako usimpe mtu.

Kipimo cha kila asubuhi ni hiki: chukua mstari mmoja wa wimbo unaoujua, uimbe kwa sauti nyembamba na ndogo mno, kama hutaki mtu wa kitanda cha juu aamke. Sauti ikianza mara moja na kusikika safi, uvimbe unapungua. Ikichelewa kutoka, ikianza na hewa tupu, au ikikataa mpaka uongeze nguvu, nyuzi bado zimevimba na siku hiyo utaongea kidogo sana. Usidanganywe na sauti nzito ya katikati. Hiyo hurudi mapema na kumfanya mtu adhani amepona.

Tuje kwenye kipande, ambako ndiko tunataka ukae sana siku hizi nne.

Usikibadilishe. Kuingiza maneno mapya kichwani ukiwa na homa ni kazi ya hasara, na bahati nzuri hicho ulichonacho hakihitaji kelele. Tunajua kwa nini unakipigia kelele: ni hotuba, kuna umati, kuna maiti, na ngonjera za shule zimetuzoesha kwamba ukisimama mbele ya watu unapaza sauti na kuinua mkono kila beti. Lakini rudi kwenye tamthilia uone Antony, rafiki wa Caesar, yuko katika hali gani. Waliomuua Caesar ndio wenye mji saa hiyo. Brutus, mmoja wao, ametoka kuongea, na umati umemkubali. Antony ameruhusiwa kusema kwa masharti: asiwalaumu wauaji, na aseme kwamba anaongea kwa ruhusa yao. Kabla hajafungua mdomo, raia mmoja anaonya kwamba ni afadhali asimseme Brutus vibaya. Mtu aliye katika hali hiyo akianza kwa kufoka, anapigwa mawe. Inambidi aanze chini, kwa upole, akiwachunga macho. Utulivu wa sauti unaolazimishwa na mafua yako ndio huohuo unaolazimishwa na hatari aliyomo Antony. Utumie. Mwongozaji akiona mtu anayeongea taratibu kwa sababu anaogopa umati ulio mbele yake, hatafikiri habari ya mafua.

Sehemu ya kutoa ni ile ya mwanzo, tangu anapoomba wamsikilize hadi anaposema moyo wake umo jenezani pamoja na Caesar na inabidi asimame mpaka umrudie. Kwa Kiingereza ni mistari 35. Kwa Kiswahili, ukiitoa bila kukimbia, inaweza kuvuka dakika 2. Pima kwa simu. Ikizidi dakika 1 na sekunde 50 ikate, kwa sababu siku ya siku utakuwa na vituo virefu zaidi, na wasimamizi wengi husimamisha mtu muda ukiisha hata kama yuko katikati ya sentensi. Pa kukata ni hapa: Antony anatoa ushahidi wa aina tatu kwamba Caesar hakuwa na tamaa ya ukuu. Kwanza ni mateka aliowaleta Roma, ambao fidia zao zilijaza hazina. Pili, alilia maskini walipolia. Tatu, alikataa taji mara tatu. Ondoa ule wa mateka pamoja na kauli ya Brutus inayoutangulia. Hotuba haitadhurika, na hao mateka ndio wanaohitaji maelezo zaidi kwa msikilizaji wa leo.

Kauli kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima inarudi mara 4 katika sehemu hiyo. Ukikata utabaki na mara 3. Hizo tatu ndizo zitakazokupa nafasi au kukunyima. Wengi huzitoa zote kwa kejeli tangu ya kwanza, na hapo wamekwisha: umati ungeshituka mapema, na mwigizaji hana tena pa kwenda. Ya kwanza iseme kama mtu anayeamini, au anayetaka kuaminiwa. Ya pili iseme polepole kidogo, kama unayejiuliza. Ya tatu usiongeze sauti. Punguza, halafu waangalie. Wala usimalize kwa kuporomoka na kulia. Kituo cha mwisho amekiandika mtunzi mwenyewe: Antony anasema hawezi kuendelea. Nyamaza, kaa na pumzi, hesabu moyoni hadi tatu, kisha simama kama wewe na useme "Asante."

Namna ya kukariri bila kutumia sauti: nakili hotuba yote kwa mkono, kila sentensi mstari wake. Pembeni ya kila mstari andika kitenzi kimoja cha unachomfanyia huyo anayekusikiliza. Kiswahili kimetupa hazina hapa: kumbembeleza, kumtuliza, kumtega, kumsuta, kumtahayarisha, kumvuta upande wako. Usiandike "kwa huzuni" au "kwa hasira," maana huzuni na hasira haziambiwi njoo. Kisha chukua karatasi nyingine, andika herufi ya kwanza tu ya kila neno, na ujaribu kupita hotuba yote ukiitazama hiyo. Ukikwama, angalia, rudi mwanzo wa sentensi. Tembea chumbani ukichezesha midomo bila kupitisha hewa, ukigeuka kila kitenzi kinapobadilika. Leo na kesho fanya hivyo tu, ukipumzika katikati. Usingizi ndio unaobandika maneno kichwani, na mgonjwa anauhitaji zaidi. Alhamisi toa sauti mara mbili, ndogo. Ijumaa mara mbili kamili na basi, tena kama kipimo cha asubuhi kimekubali.

Tunakukataza kukariri mdundo, yaani namna moja tu ya kupandisha na kushusha sauti, kwa sababu moja kubwa. Katika usaili, mwongozaji anayevutiwa na mtu humkatiza na kumwambia: ifanye tena, sasa unazungumza na mtu mmoja tu, au sasa una haraka, au sasa hutaki tujue kwamba umelia. Hataki kuona kama ulikosea. Anataka kuona kama unaelekezeka, kwa sababu atakaa na wewe wiki kadhaa za mazoezi. Aliyekariri wimbo wa sauti atarudia wimbo uleule kwa nguvu zaidi. Aliyekariri vitendo atabadilisha vitenzi. Kwa hiyo Ijumaa, katika zile mara mbili, ya pili ifanye tofauti makusudi: umati uwe mtoto mmoja, au Brutus mwenyewe awe amekaa mstari wa mbele anakutazama.

Jambo la pua watu hulisahau. Ziba pua kwa vidole useme "mama amenunua nanasi." Itatoka "baba abedudua dadasi." Lugha yetu imejaa sauti za puani, m, n, ny, ng', na zile mb, nd, nj, kwa hiyo mafua yanaharibu Kiswahili kuliko mtu anavyodhani. Saa moja kabla ya usaili, safisha pua: tumia matone ya maji ya chumvi yanayouzwa famasi, usitengeneze kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Penga upande mmoja baada ya mwingine, si zote kwa pamoja kwa nguvu, maana uchafu unasukumwa kuelekea masikioni. Ile dawa ya kupuliza inayofungua pua papo hapo inafaa kwa siku hiyo, ila isizidi siku 3 hadi 5 mfululizo. Ikizidi pua inaziba zaidi kuliko mwanzo. Pua ikigoma kabisa, shikilia hizo konsonanti muda mrefu kidogo na usikimbize silabi, hasa m inayosimama peke yake kama katika "mtu" na "mji."

Masikio nayo yakiziba yatakudanganya. Utajisikia ndani ya kichwa kwamba unaongea kwa sauti kubwa, kumbe huku nje haifiki. Ijumaa mwombe mwenzako akae mstari wa mwisho wa darasa lolote tupu, ainue mkono kila asiposikia neno. Utagundua kwamba mara nyingi si sauti iliyopungua, ni mwisho wa sentensi uliomezwa. Maliza sentensi zako. Irabu ya mwisho ya Kiswahili mara nyingi ndiyo inayobeba maana: anapenda inaishia na a, hapendi inaishia na i, na hao ni watu wawili tofauti.

Jumamosi amka saa 12. Mtu aliyelala usiku kucha anaamka na uvimbe zaidi, na unahitaji saa 2 au 3 ukiwa wima kabla sauti haijakaa. Oga maji ya moto, vuta mvuke bafuni. Ukitumia beseni, liweke mezani palipo imara na usiinamie karibu, watu huungua. Kunywa uji au supu na mkate saa moja na nusu, kitu chepesi. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu acha: mapigo ya moyo tayari yatakuwa juu, na mikono inayotetemeka haishiki mswada. Panadol, kama unaihitaji, imeze saa moja kabla ya usaili.

Kupasha sauti iwe dakika 12 hivi. Shingo na mabega dakika 2. Toa "sss" ndefu sekunde 15, mara 4. Mrija dakika 4. Kisha vitanzandimi kwa sauti ndogo na midomo mikubwa: "Wale wari wa Liwale wala wali wa liwali," na "Katibu kata wa kata ya Mkata amekataa katakata kukata mti." Hapo mdomo ndio unaopandisha mwendo, koo linabaki limelegea. Usiitoe hotuba yako kwenye korido pamoja na wenzako wanaopiga kelele. Utaanza kushindana nao na kuiacha yote nje.

Fika nusu saa mapema, umevaa barakoa, keti mbali kidogo. Kwenye fomu andika ratiba yako ya vipindi kwa ukweli, na ya mhadhara wa jioni pia. Kuna watu wanaokatwa kwa sababu ratiba zao ziligongana na mazoezi, na wanakaa wakidhani waliigiza vibaya.

Ukiingia, sema jina lako, kipande, na anza. Usianze kwa kuomba radhi. Kama sauti inakwaruza waziwazi, sentensi moja inatosha: "Nina mafua leo, lakini niko tayari." Ya pili inakuwa kilio, na inawafanya wasikilize ugonjwa badala ya Antony. Umati wako uweke juu kidogo ya vichwa vya wasaili. Usimkazie macho msaili mmoja kana kwamba ndiye raia wa Roma, kwa sababu anahitaji kuandika.

Mswada wa kusoma palepale: uushike kifuani, usiufunike uso, kidole gumba kikifuata mstari. Nyakua nusu sentensi kwa macho, inua kichwa, mwambie mwenzako. Ukikosea neno endelea. Mwenzako anaposoma mstari wake, mtazame yeye, usitafute wako. Hapa mgonjwa hana hasara yoyote, kwani kusikiliza hakuhitaji sauti.

Kwenye michezo ya makundi ndipo uwe mwangalifu. Dalili zikiwa za shingoni kwenda juu tu, unaweza kujongea kwa kiasi. Kama kifua kinabana au mwili unauma, mwambie msimamizi mapema kwamba utashiriki bila kukimbia na bila kupiga kelele. Nawa mikono au paka dawa ya kutakasa kabla ya mchezo wa kushikana. Katika uigizaji wa papo kwa papo chagua mhusika asiyesema sana: mlinzi, mgonjwa kwenye foleni, mama anayesuka ukili. Atakayekupa wazo mpokee na kumwongezea. Wasaili wanatazama hilo kuliko vichekesho.

Sasa kuhusu kwenda au kutokwenda, amua Ijumaa jioni na si Jumamosi kitandani. Usiende kama ndani ya saa 24 zilizopita joto limefika nyuzi 38 au limeshuka kwa sababu tu ya panadol, kama unatapika au kuhara, kama unapumua kwa shida, au kama sauti haitoki. Mafua, pua na sauti nzito havitoshi kukuzuia. Usimwogope meneja wa jukwaa. Kazi yake ni kupanga watu, na taarifa inayokuja kesho mchana inamsaidia kupanga. Anayeonekana wa visingizio ni yule anayetuma ujumbe saa 3 na dakika 50. Andika Jumatano, kwake binafsi, si kwenye kundi la WhatsApp:

"Habari za leo. Mimi ni (jina), mwaka wa kwanza, nimejiandikisha kwa usaili wa Jumamosi. Nina mafua na nimeshapima. Natarajia kuja. Kama hali itabadilika nitakujulisha Ijumaa kabla ya saa 12 jioni. Naomba kujua kama kuna nafasi nyingine au kama video inakubalika endapo sitaweza. Asante."

Video ikikubalika, simu ilale kwa upana, iegemezwe juu ya vitabu usawa wa macho, mita moja na nusu kutoka kwako, mwanga wa dirisha ukija usoni na si mgongoni. Feni izimwe. Chukua mara 3, tuma moja, bila kukata katikati.

Na ukiamka Jumamosi sauti haipo kabisa, usiitafute. Usijaribu kila dakika kama imerudi, usinong'one, usiisukume ili itoke japo kidogo, maana kulazimisha nyuzi zilizovimba kiasi hicho ndiko kunakogeuza ugonjwa wa siku chache kuwa wa wiki nyingi. Mtumie meneja wa jukwaa ujumbe wa pili kwamba hutaweza kuja, rudi kulala, kunywa maji, ongea na watu kwa kuandika kwenye simu siku mbili. Kwa kawaida sauti ya namna hiyo hurudi ndani ya wiki moja au mbili. Ikizidi wiki 3 bado inakwaruza, mwone daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali kubwa kama Muhimbili wana kitengo hicho. Kikohozi kikifika wiki 2, pima kifua kikuu. Na ukishindwa kumeza mate, au pumzi ikitoa mlio unapoivuta ndani, usisubiri asubuhi, waamshe wenzako wakupeleke hospitali usiku huohuo.